Breki ya Upande wa Abiria

Shemeji yangu hawezi kukaa kwenye gari kama watu wengine. Mweke kiti cha abiria, hata kama ni teksi ya mtu, utaona mguu wake wa kulia unatafuta kitu sakafuni. Mguu huo umemlisha yeye, dada yangu na watoto wao kwa miaka mingi, maana shemeji ni mwalimu wa udereva, na gari lake dogo la rangi ya maziwa lilikuwa na breki mbili. Moja ya anayejifunza. Ya pili fundi aliifunga upande wa abiria, anakokaa mwalimu, akaiunganisha kwa chuma na ile ya kwanza. Basi mtaa mzima ukamwita Breki Mbili. Jina alilopewa na mama yake nadhani wanalijua dada yangu na karani wa mahakama tu.

Mimi ni mdogo wa mkewe. Nashona nguo, hasa sare za shule, na nina mdomo. Shemeji huyu nilianza kumtania siku ile ile alipoletwa nyumbani kujulishwa, akiwa amevaa viatu vinavyong'aa na soksi zisizofanana. Hakukasirika. Aliziangalia soksi zake, akaniangalia mimi, akasema nyumbani ana jozi nyingine kama hiyo. Kuanzia hapo nikajua tutaelewana.

Darasani alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikaa wima, mikono magotini, sauti ya chini, hata mwanafunzi akipanda ukuta. Alikuwa na maneno yake ambayo watu waliyakariri mpaka wakayaota. Kubwa kuliko yote lilikuwa hili: gari likisimama, limesimama. Halikumbuki lilikokuwa linakwenda. Ukitaka liondoke, unaanza upya, klachi, gia, kioo, unaachia taratibu. Aliwarudishia maneno hayo mwanzoni mwa kila mteremko, na wanafunzi walikuwa wakimwigiza kwenye kijiwe cha soda karibu na karakana yangu. Na mimi pia nilikuwa namwigiza, tena vizuri kuliko wao.

Ila akiwa peke yake kwenye usukani, bila mwanafunzi, Mungu atuhurumie. Yule malaika wa darasani aliyapita malori kwenye kona. Dada alikuwa akipanda naye anafunga macho. Nilimwambia mara nyingi kwamba anafundisha watu asichokifanya, naye alinijibu kwamba daktari naye huugua. Mwishowe alikamatwa akipita lori penye mstari usiokatika, anawahi mtihani wa mwanafunzi wake, na kwa kuwa mwaka ule hiyo haikuwa mara yake ya kwanza wala ya pili, hakimu hakutaka maneno mengi. Leseni ikasimamishwa kwa miezi mitatu.

Nitasema haki yake: adhabu ile aliitii. Gari alilifunika turubai. Alitembea kwa miguu kila mahali, viatu vikiwa vimepigwa rangi, akawasalimia askari wa barabarani kama mtu asiye na kinyongo. Masomo hakuyaacha. Aliweka viti viwili sebuleni, kimoja cha dereva na kimoja chake, mwanafunzi akapewa mfuniko wa sufuria uwe usukani. Dada akipika alikuwa anafunika chungu kwa sinia kwa sababu mifuniko yote iko barabarani. Tulicheka sana miezi ile, na sasa nikikumbuka kicheko kile roho inaniuma, kwa sababu tatizo lilikuwa limekaa pale pale sebuleni na sisi, na hatukuliona.

Tatizo lenyewe lilikuwa neno. Hakimu alisema leseni imesimamishwa kwa miezi mitatu. Kadi yenyewe hakunyang'anywa. Ilibaki kwenye pochi yake, picha yake ikimwangalia. Karani alimweleza mengine kwa haraka huku akiita jina la mtu anayefuata, na shemeji akasikia alichotaka kusikia. Kwamba itasimama miezi mitatu, kisha itaendelea. Siku miezi ilipotimia akalivua gari turubai, akaliosha mpaka kwenye matundu ya skrubu, akarudi kazini. Ofisi ya leseni hakwenda. Hakuna aliyemwambia aende, anasema. Dada anasema aliambiwa, ila mume wake huwa kiziwi mbele ya makarani.

Mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi wake wakati huo. Nilichoka kuwalipa watu wa pikipiki wanipelekee sare mashuleni, zikifika zimekunjamana kama zimetafunwa. Nikataka kuendesha mwenyewe. Nilikuwa na leseni ya mwanafunzi, halali kabisa, na kwa sheria mwenye leseni hiyo huendesha akiwa na mtu mwenye leseni kamili pembeni yake. Pembeni yangu alikaa Breki Mbili. Nani angefikiri zaidi ya hapo?

Asubuhi ile tulikuwa tunateremka kuelekea sokoni, mwendo wa polepole, nikijisifu. Mzee mmoja akatokea kati ya magari yaliyoegeshwa, anasukuma mkokoteni wa madumu ya maji. Sasa nieleze jambo ambalo askari alilicheka na mafundi wenzangu walilielewa bila maelezo. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Ukitaka isimame ghafla, unakandamiza kisigino na mkono wa kulia unalishika lile gurudumu la pembeni. Nimefanya hivyo tangu nikiwa msichana. Kichwa changu kilijua kwamba niko kwenye gari. Miguu haikupewa taarifa. Mkono wa kulia ukaachia usukani ukaenda kutafuta gurudumu ambalo halipo, nikashika mlango. Kisigino kikakandamiza, na chini yake palikuwa na kanyagio la mafuta.

Shemeji hakupiga kelele. Mguu wake ulitua kwenye breki yake, mkono wake ukaushika usukani na kuuvuta, gari likapanda ukingo wa barabara na kusimama kwenye meza ya fundi viatu. Viatu vikatawanyika, gundi ikamwagika, meza ikavunjika mguu. Mzee wa mkokoteni alibaki amesimama kando ya boneti yetu, karibu kiasi cha kuigusa. Alitutazama, akasema tu, "Jamani," akaendelea na safari yake. Shemeji alizima gari, akaniuliza kama nimeumia, kisha akashuka kuanza kuokota viatu vya watu.

Askari wa barabarani, mwanamke mmoja mpole wa sura, alifika kabla hajamaliza. Akaomba leseni. Yangu akaiangalia, akanirudishia. Ya shemeji akasoma namba kwa simu, akangoja, akasikiliza, uso ukabadilika. Alisema leseni hii imesimamishwa. Shemeji akamweleza kwa utaratibu, kama anamweleza mwanafunzi, kwamba ilikuwa imesimamishwa ila muda umekwisha. Yule askari akamjibu kwa utaratibu ule ule kwamba muda ndiyo umekwisha, lakini leseni haijarejeshwa. Ilimpasa aende ofisini akaombe, alipie, apimwe macho, ajibu maswali ya sheria, ndipo waifungue. Muda ukiisha mtu anapata ruhusa ya kwenda kuomba tu. Asipokwenda, hata mwaka upite, leseni bado imesimama.

Nilimwona shemeji akiyasikia maneno hayo. Alikuwa ameshika kiatu kimoja cha mtoto, akawa anakigeuza geuza kama anatafuta mwenzake.

Kituoni swali lilikuwa moja tu, nalo lilirudiwa kwa kila namna: nani alikuwa anaendesha? Nikasema mimi. Fundi viatu akasema yeye aliona mkono wa mwanamume kwenye usukani, na mguu wa mwanamume ndio uliosimamisha gari, kwa sababu mwanamke alikuwa ameshika mlango. Hakusema kwa ubaya. Aliulizwa, akajibu. Kampuni ya bima ilipopigiwa ikasema haitalipa hata msumari wa meza ile, maana gari halikuwa chini ya mtu mwenye leseni hai.

Nina mteja wakili, mama mmoja ninayemshonea magauni ya kazini. Nikamwendea pamoja na shemeji, suruali yake ikiwa bado na gundi. Alitueleza bila kupamba. Kama mahakama itaona kwamba aliyeendesha ni mimi, mimi nitakuwa na kosa la kuendesha bila msimamizi mwenye leseni, nitatozwa faini na leseni ya mwanafunzi nitaipoteza kwa muda. Na shemeji atakuwa na kosa la kuniachia gari, ambalo si kubwa sana. Lakini kama itaona kwamba aliyeendesha ni yeye, hilo ni kuendesha huku leseni imesimamishwa. Hapo kuna jela, au faini nzito, leseni kufutwa kabisa, na kibali cha kufundisha kwenda nacho. Shemeji aliuliza kibali kikienda kinarudi lini. Wakili alikunja karatasi zake, akasema huwa hakirudi kirahisi.

Siku mbili baadaye dada alikuja karakana. Hakukaa. Alisimama karibu na meza ya kukatia, anachezea chaki yangu.

"Mdogo wangu," alisema, "wewe wakikupa kosa, utatoka pale unarudi kwenye cherehani yako. Yeye wakimpa kosa, anarudi kwenye nini?"

Nilikasirika. Nilimuuliza kama mimi ni kitambaa cha kufutia anapomwaga mume wake. Nikamkumbusha kwamba kwenda ofisi ya leseni ni kupanga foleni asubuhi moja tu, na kwamba mtu mzima aliyesoma sheria zote za barabarani alishindwa kufanya hivyo. Dada hakubishana. Machozi yakamtoka bila sauti, chaki ikavunjika mkononi mwake, na mimi nina ulimi mkali lakini dada huyu ndiye aliyenilea mama alipokuwa kazini. Nikamwambia nitasema.

Tulipanga nitakavyosema: kwamba breki nilikanyaga mwenyewe, usukani niligeuza mwenyewe, na shemeji alikuwa amekaa mikono magotini kama kawaida yake. Fundi viatu angeonekana hakuona vizuri. Tulifanya mazoezi sebuleni kwao, mimi kwenye kile kiti cha dereva, mfuniko wa sufuria mkononi, dada akijifanya ananihoji. Shemeji alikuwa chumba cha pili akipiga viatu vyake rangi. Alitusikia, lazima alitusikia, ukuta ule ni wa mbao. Hakusema kitu, nasi tukachukua ukimya wake kuwa amekubali.

Chumba cha mahakama kilikuwa na feni inayozunguka bila kuleta upepo na mabenchi yaliyochongwa majina. Shemeji alisimama kizimbani amevaa shati nililomshonea. Nilitafuta jambo la kutania ili nisiogope, nikapata moja: hata mtu aliyekuja kumshtaki anaitwa mwendesha mashtaka. Nikamnong'oneza dada kwamba huyu naye aulizwe leseni. Dada hakucheka.

Hakimu, mtu wa makamo mwenye miwani ya kusomea, aliyapitia mashtaka, kisha akamuuliza shemeji jambo ambalo hatukulitegemea. Alipoambiwa leseni yake imesimamishwa, alielewa nini?

"Nilielewa itasimama miezi mitatu, Mheshimiwa, kisha itaendelea."

Hakimu alivua miwani. "Wewe ni mwalimu wa udereva. Gari likisimama, linaendelea lenyewe?"

Watu wakacheka. Hata karani alicheka. Nyuma yangu alikuwepo mmoja aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, nikamsikia akimaliza kwa sauti ya chini, klachi, gia, kioo. Shemeji masikio yalimwiva. Nilitamani kugeuka nimzabe kibao yule mtu wa nyuma, na nilitamani zaidi kumzaba shemeji mwenyewe, kwa sababu maneno aliyoulizwa yalikuwa yake, ameyasema maisha yake yote, na hayakuwahi kumwingia.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema mwishowe. "Haliendelei."

Mwendesha mashtaka akaja kwenye swali lile la kituoni, nani alikuwa anaendesha. Wakili wetu akasimama kusema kwamba upande wetu una shahidi, akanionyesha kwa mkono. Nikainuka. Maneno nilikuwa nayo yote, kwa mpangilio. Hapo shemeji akanyoosha mkono juu, kama wanavyonyoosha wanafunzi wake wakiwa hawajaelewa.

"Mheshimiwa, naomba shemeji yangu asiulizwe."

Wakili akamgeukia haraka. Hakimu akamwambia aseme.

"Hakuwa anaendesha. Wakati ule gari ndilo lilikuwa linamwendesha yeye. Angekuwa anaendesha yeye, mzee wa watu angekuwa amekufa. Aliyeendesha ni mimi, kwa mguu na kwa mkono."

Hakimu alimuuliza kama anaelewa anachokikubali. Wakili alikuwa ameshakaa, ameshika paji la uso.

"Naelewa," shemeji alisema. "Kila niliyemfundisha nilimwambia, humu ndani breki ya mwisho ni yangu. Siwezi kuja leo nikasema ilikuwa ya mwanafunzi."

Nilibaki nimesimama na maneno yangu mdomoni, sina pa kuyapeleka. Dada alinivuta nguo nikae. Sikujua kama nimwonee shemeji fahari au nimchukie, na mpaka leo kuna siku nashindwa kuamua. Ukweli wake ulikuwa mzuri, lakini hakuwa anakula ukweli huo peke yake. Kulikuwa na watoto wa dada yangu.

Hakimu alitoka, akarudi baadaye na uamuzi. Alisema kutojua utaratibu si utetezi, hasa kwa mtu anayewafundisha wengine. Alisema pia kwamba hakuna aliyeumia, na kwamba mshtakiwa hakuisumbua mahakama. Kwa hiyo jela angeepuka akilipa faini. Leseni ikafutwa. Baada ya miaka miwili angeruhusiwa kuomba tena, akianza kama mwanafunzi. Kibali cha kufundisha kikafutwa, hiki bila kutajiwa mwisho. Fundi viatu alipwe meza yake na viatu vya watu. Na kwa kuwa gari si la kufundishia tena, ile breki ya upande wa abiria iondolewe. Shemeji aliyapokea yote kwa kuitikia kwa kichwa. Kwenye hilo la breki ndipo alipoinamisha uso.

Fundi yule yule aliyeifunga ndiye aliyeikata. Tulikuwepo. Alitumia msumeno wa chuma, kisha akaziba tundu kwa kipande cha bati na kukipaka rangi, na hakutaka kumwangalia shemeji. Kile kipande kilichokatwa, kanyagio lenye mpira uliolika upande mmoja, shemeji alikifunga kwenye gazeti akaenda nacho nyumbani. Dada anasema kiko juu ya kabati na hakuna anayekigusa.

Sasa anafanya kazi kwangu. Anapiga pasi sare, na sijapata kuona mikunjo iliyonyooka kama ile. Wanafunzi wake wa zamani wakipita pale kijiweni wanamwita Breki Moja, na yeye anaitikia. Kuna siku hacheki kabisa. Anakaa karibu na dirisha pasi ikipata moto, anatazama barabara, na mtu akikwama kwenye mteremko pale mbele, gari likizimika na kurudi nyuma, naona midomo yake inatembea. Siku za namna hiyo simtanii.

Mimi nilimaliza masomo kwa mwalimu mwingine, mwenye makelele, na nikafaulu mtihani. Nasambaza sare kwa gari lile lile la rangi ya maziwa. Shemeji hukaa pembeni yangu, furushi mapajani, mikono juu ya furushi. Njia nzima hasemi jinsi ninavyoendesha, wala hanisahihishi. Ila mguu hajaweza kuufundisha. Kila tukikaribia njia panda unatua juu ya kile kipande cha bati, na zulia la pale limeshatoboka.

Wiki iliyopita tulikuwa tunatoka shule moja, furushi limekwisha, akaanza kuongea bila kunitazama. Alisema miaka miwili itakwisha. Safari hii ataenda ofisini siku hiyo hiyo, atapanga foleni, watampa leseni ya mwanafunzi kama watoto wengine. Na mwanafunzi lazima akae na mtu mwenye leseni pembeni.

"Utakaa wewe, shemeji."

Nikamwambia asisahau kwamba upande ule hauna breki tena.

"Najua," alisema, na mguu wake ukakanyaga bati, maana mbele yetu mtoto alikuwa anavuka na mimi nilikuwa bado namtazama shemeji.